Kreti Mbili za Fanta kwa Ajili ya Sindano Moja

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku kubwa leo! Naandika kabla sijatulia.

Directrice Antoinette, mkuu wa shule, aliniita ofisini saa nne. Nilidhani ni habari ya zile dawa zilizokwisha muda tena. Siyo! Timu ya chanjo ya HPV itafika shuleni kwetu Alhamisi ya wiki ijayo. Wasichana wote wenye miaka kumi na miwili. Sindano moja begani, na mtoto anakingwa na saratani ya mlango wa kizazi. Hayo nilikuwa nayajua, mimi ndiye muuguzi wa shule. Kilichonitoa jasho ni kilichofuata. Muuguzi atakayekamilisha orodha yake yote, bila kukosa hata msichana mmoja, atazungumza redioni Jumamosi asubuhi. Robo saa nzima.

Mimi! Redioni! Sauti ninayo tangu Bukavu, ng'ambo ya mpaka kule Congo, nilikokulia. Kwaya nzima ya Kadutu ilijua.

Orodha yangu ina wasichana sitini na mmoja. Mpinzani wangu ni Maman Patricie, muuguzi wa shule ya Mururu. Yeye ana wasichana hamsini na wanane, na uso wa mtu ambaye hajawahi kuharakishwa na kitu. Mwaka jana alinishinda kwenye dawa za minyoo. Sijasahau.

Nimeanza papo hapo. Mkakati wa kwanza: barua kwa wazazi. Directrice alinipa barua ya kawaida, mistari sita, imepauka. Nani atasoma hiyo? Nimeandika ya kwangu. Juu kabisa neno SARATANI, wino mwekundu, kila herufi kubwa kama dole gumba. Chini yake nimechora fuvu. Fuvu zuri, lina mpaka meno. Nimetoa nakala sitini na moja na zote zimeondoka na watoto saa kumi.

Jumanne, 7 Oktoba

Mkakati wa pili: picha. Nimechora kizazi cha mwanamke kwenye shuka la kitanda cha wagonjwa, mirija yote miwili imenyooshwa huku na huku, nikalitundika kwenye lango la shule. Bila maneno. Picha inajieleza.

Kufika saa tano wazazi watatu kutoka Giheke walikuwa wameuliza ng'ombe watachanjwa lini. Mmoja alisimama muda mrefu akisifu pembe. Alitaka kujua huyu ng'ombe ni wa nani na kama anauzwa.

Directrice aliagiza shuka lishushwe. Nililirudisha kitandani kwa sababu sina lingine. Mtoto wa darasa la pili mwenye homa akakataa kulilalia. Nikamlaza kwenye benchi.

Jumatano, 8 Oktoba

Barua imefanya kazi. Imefanya kazi kupita kiasi! Saa moja asubuhi akina mama walikuwa wamepanga foleni mpaka barabarani, wengine wanalia, wanataka kujua binti zao wamepatwa na saratani lini na kwa nini shule ilinyamaza. Nimewatuliza mmoja mmoja mpaka koo likakauka. Nikawaambia hakuna mgonjwa, chanjo ni ya kuzuia. Kila mmoja akaniuliza fuvu sasa lilikuwa la nini. Nikasema la mapambo.

Wakakubali. Sitini wamekubali! Nimekaa nikahesabu mara tatu.

Na mmoja amekataa. Umutoni wa darasa la sita, binti wa Mzee Ndayisaba, yule fundi seremala wa karibu na soko la Kamembe. Barua yangu imerudi imekunjwa mara nne, na katikati, kwa penseli nene ya mafundi, neno moja: HAPANA.

Umutoni aliileta mwenyewe. Akasimama mlangoni, mwembamba, soksi moja juu moja chini. Akasema yeye anaitaka sindano. Akauliza kama naweza kumchoma bila babake kujua. Nikamwambia hilo haliwezekani hata kidogo, mzazi ni mzazi. Akasema mamake alikufa miaka mitatu iliyopita, “na tumbo”, na nyumbani jambo hilo haliguswi. Nikampa pole. Nikiri hapa, kwa kuwa hakuna atakayesoma: kichwani nilikuwa nikitunga salamu za kufungulia kipindi.

Akaniuliza nitafanya nini sasa. Nikamwambia nina mikakati. Akaniangalia kama mama yangu alivyokuwa akiniangalia, akaondoka.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimempigia Maman Patricie, kwa heshima, kumpeleleza. Ameshakamilisha! Hamsini na wanane kwa hamsini na wanane. Nikamuuliza ametumia mbinu gani. Akasema aliwatembelea wazazi akawaeleza. Basi? Basi.

Anaficha kitu. Mtu hawezi kueleza tu.

Nikaenda kwenye karakana ya Mzee Ndayisaba. Alikuwa akipiga randa mlango, hakuinua kichwa. Nikaanza na takwimu. Akaendelea na randa. Nikapandisha sauti. Akasimamisha randa. Akasema mambo ya binti yake hayaongelewi kwenye vumbi la mbao. “Muntu mwenye iko na neno juu ya mutoto wangu, akuye kwangu nyumbani, aikale, tuongee. Na usikuye peke yako kama mwizi.” Jumapili baada ya kanisa.

Amefungua mlango! Usije peke yako, amesema. Sasa nimeelewa. Huyu mzee anataka heshima. Atapata heshima mpaka aikimbie.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimempata Mzee Kayitare! Kila mtu Kamembe anasema huyu akikusemea katika nyumba ya watu huwezi kurudi bure. Miaka thelathini anasema kwa niaba ya wengine. Ana kofia, ana fimbo, ana kikohozi kidogo anachokitumia kabla ya kusema jambo zito.

Nilianza kumweleza. Nikasema ni nyumbani kwa Mzee Ndayisaba, ni kuhusu binti yake, na mzee ni mgumu. Akainua mkono. Akasema hakuna mzee mgumu, kuna wasemaji wabaya. Nikataka kumweleza jambo lenyewe. Akainua mkono tena. Akasema kazi yake anaijua na hafundishwi. Alichotaka kujua ni vitu vitatu: nina kazi ya kudumu? Ninayo. Nitaleta nini? Nikasema yeye aamue. Akaamua kreti mbili za Fanta na kidumu cha pombe ya ndizi kwa wazee. Na wanaume wawili wa kunisindikiza, wenye koti safi.

Nikampa karatasi inayoeleza kirusi cha HPV. Akaikunja bila kuisoma akaitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Akasema mambo ya namna hiyo hayasomwi kwenye nyumba za watu.

Mtaalamu! Kwa nini sikumjua mapema?

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeazima koti kwa jirani. Mikono mifupi kidogo. Wasindikizaji wawili nimewatoa kwenye kwaya, wamekubali wakisikia Fanta. Mmoja alinipiga bega akasema hatimaye. Hatimaye nini? Sikumuuliza. Nilikuwa nikipiga pasi.

Jumapili, 12 Oktoba

USHINDI!

Niandike kwa utaratibu. Tulifika saa nane, Mzee Kayitare mbele, mimi katikati, kreti nyuma. Uani kulikuwa na turubai na viti na watu kama arobaini! Majirani, mashangazi, wazee. Nikafurahi mno. Nilikuja kuelimisha nyumba moja, nimekuta mtaa mzima unataka kuelimishwa.

Binti mkubwa wa mzee, Nishimwe, yule fundi cherehani, alikuwa amevaa gauni jipya. Alinipa glasi ya maji akanikagua kuanzia viatu. Alipofika kwenye mikono ya koti akauma mdomo.

Mzee Kayitare akakohoa. Mungu wangu, yule mzee anajua kusema! Akasema sisi ni wapita njia, tumeona moshi wa nyumba njema, tunaomba kufunguliwa. Mzee mmoja wa upande wao akajibu lango hili halifunguliwi ovyo. Kayitare akajibu, wakacheka. Yule akajibu, tukacheka. Nusu saa nzima bila hata mmoja kutaja chanjo! Nikajiambia hii ndiyo hekima ya kienyeji, jambo linazungukwa kwanza.

Kisha akanisifu. Nina kazi ya serikali. Sinywi kupita kiasi. Meno yangu ni kamili. Nikaona ni sahihi kabisa, mzazi lazima amwamini mhudumu wa afya. Mzee Ndayisaba akasema binti yake amelelewa vizuri na ana cherehani yake mwenyewe. Hapo nilishangaa. Umutoni ana cherehani? Miaka kumi na miwili? Watoto wa siku hizi wanakwenda mbio.

Akaniuliza kama nitaweza kumtunza.

Nikasimama. Nikaishusha sauti mpaka kifuani, ile ya redio. Nikasema nitamtunza yeye pamoja na wenzake sitini, wote kwa upendo ule ule, na Alhamisi nitawapokea kwa foleni.

Bibi mmoja aliangusha glasi. Mzee Kayitare akanivuta koti nikakaa, akawaambia watu kijana huyu alikulia Congo, anapenda mizaha. Uwanja mzima ukacheka. Nikacheka na mimi, sikutaka kuwakatisha.

Wakafungua Fanta. Mzee Ndayisaba mwenyewe akanywa, mpaka chini. Kayitare akaninong'oneza kwamba kwa kunywa huko lango limekubali, jibu kamili litatolewa Jumatano saa kumi. Siku moja kabla ya timu kufika! Kila kitu kimepangika.

Nimeandika 61 kwenye ukurasa mzima, nikaupamba kwa maua pembeni.

Jumatatu, 13 Oktoba

Ningependa kuanza wiki hii upya.

Asubuhi Directrice alinishika mikono miwili akasema hongera, amefurahi sana, ni lini? Nikasema Alhamisi. Alhamisi hii? Mbona haraka hivyo? Nikasema kila kitu tayari, sanduku la baridi litafika saa tatu asubuhi. Akaniachia mikono taratibu.

Kisha Maman Patricie akapiga kutoka Mururu. Hongera. Nikasema hesabu bado haijafungwa. Akasema alijua mimi ni mtu wa aina yake, lakini hakujua ni kiasi hiki.

Saa sita Nishimwe akaingia infirmerie, chumba changu cha wagonjwa, mkanda wa kupimia shingoni. Akafunga mlango. “Weye, Cassien. Batu makumi ine, kreti mbili, na Mzee Kayitare. Ulifikiri ulikuya kufanya nini kwetu?”

Nikasema chanjo.

Akaketi kwenye kitanda cha wagonjwa akacheka mpaka machozi. Akaanza kunieleza, akacheka tena, akajifuta kwa shuka langu la mchoro. Huku Rwanda, akasema, mwanamume akija na msemaji na vinywaji, amekuja kushika lango la nyumba hiyo. Yaani anaomba msichana wa kuoa. Hata mtoto wa chekechea anajua. Na vinywaji vikinywewa, mji mzima umeshajua.

Nilikulia Bukavu, nilijitetea. Harusi nilizifahamu kuanzia kwenye sahani. Nani angeniambia?

Basi nimemchumbia. Mbele ya watu arobaini nimemchumbia Nishimwe, na nikaahidi kumtunza na wanawake wengine sitini.

Halafu akaacha kucheka. Akanieleza jambo la mamake. Halikuwa tumbo. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, iligunduliwa imechelewa, na Mzee Ndayisaba alitengeneza jeneza kwa mikono yake mwenyewe kwenye karakana ile ile. Tangu siku hiyo neno hilo halisemwi katika nyumba yao. Mpaka mimi nilipompelekea kwa wino mwekundu, na fuvu, na meno.

Sikujua macho yangu niyaweke wapi. Nilipata aibu, aibu ya kweli, ya kuumiza shingo. Nilikaa nayo karibu dakika kumi.

Nishimwe ndiye aliyefikiri. Tukisema sasa kwamba wale watu wote walikunywa Fanta ya sindano, babake atachekwa mtaa mzima, na Umutoni hatachanjwa milele. Kwa hiyo Jumatano yeye mwenyewe atanikataa. Hiyo ni haki ya msichana, haimwaibishi mzazi. Na babake hawezi kumwona mgeni akiondoka mikono mitupu. Ataniuliza kama kuna lolote lingine analoweza kunifanyia. Hapo nitasema. Kwa ufupi. Bila takwimu.

Nikauliza kama kunikataa ni lazima kabisa. Akasema ni lazima kabisa.

Jumanne, 14 Oktoba

Jambo la kushangaza: kuwa mchumba ni kutamu!

Muuza parachichi ananiita bwana harusi na ananichagulia yaliyoiva vizuri. Kinyozi kaninyoa kwa makini mpaka nyuma ya masikio. Walimu walionipita miaka minne bila salamu wamenisalimu leo kwa majina yote mawili. Nimetembea Kamembe nzima, kwenda na kurudi, bila shughuli yoyote.

Nikaanza kufikiri. Nishimwe anacheka vizuri. Ana cherehani. Na je, akisita kunikataa? Kwa nini nichague kati ya mke na redio, na vyote viko kwenye uwanja mmoja?

Mkakati mpya: hotuba. Itamyeyusha binti mkubwa na kumpatia binti mdogo chanjo kwa pamoja. Nimeandika kurasa kumi na nne. Ukurasa wa tisa umenitoa machozi mwenyewe.

Jumatano, 15 Oktoba

Hakusita.

Turubai lile lile, watu wale wale, na wengine wameongezeka. Mzee Kayitare akakohoa, akaomba jibu. Nishimwe akasimama. Akasema anaheshimu wageni, lakini jibu lake ni hapana, na kwa kuwa ameombwa hadharani atatoa sababu hadharani. Nilidhani sababu itakuwa moja.

Kwanza, nasema peke yangu barabarani. Kweli, uwanja ukasema. Pili, nilitundika kichwa cha ng'ombe kwenye lango la shule na sikuweza kueleza. Wakaitikia. Tatu, koti si langu. Nne, mwanamume anayeahidi wanawake sitini siku ya kwanza, siku ya pili ataahidi mia. Kwenye ya nne Mzee Kayitare alitikisa kichwa kukubali. Msemaji wangu mwenyewe! Akasema ni mara yake ya kwanza kukataliwa kwa miaka thelathini, akasogeza kiti chake mbali na changu.

Kweli Nishimwe aliniambia atanikataa. Hakuniambia atafurahia hivyo.

Mzee Ndayisaba akawa na huruma. Akasema nimefika kwake kwa heshima, wamekunywa vyangu, haitakuwa vizuri niende hivi hivi. Kama kuna jambo lingine lililo ndani ya uwezo wake, niseme.

Nishimwe akaniangalia. Sasa, yalisema macho yake. Kwa ufupi.

Nikatoa kurasa kumi na nne.

Nikaanza na Enyi wananchi wa wilaya ya Rusizi. Nikapita historia ya chanjo duniani. Katikati ya ukurasa wa pili nikamwona Mzee Ndayisaba amekunja uso, kama siku ile ya randa, na mkono wake ukashika kiti ili ainuke. Nikasoma haraka zaidi. Akainuka. Umutoni ameikosa sindano, nikajiambia. Mtoto yule wa soksi moja. Nikaacha kusoma, kidole bado kwenye mstari.

Umutoni alikuwa akipita na sinia la glasi. Akaliweka chini.

“Papa, ni ile sindano njo anaomba. Ile ya kukinga ugonjwa Maman alikufaka nayo. Kesho banakuya nayo kwa masomo. Mi minaitaka.”

Mzee akamtazama mtoto wake. Kisha akanigeukia, akauliza swali moja. Kama sindano hiyo ingeweza kumsaidia mkewe.

Nikatafuta kwenye kurasa. Haikuwamo. Kurasa kumi na nne, na hilo halikuwamo! Ikabidi nijibu tu. Nikasema hapana, mzee. Alipokuwa na umri wa Umutoni chanjo hii haikuwapo, na alipougua hakukuwa na la kukinga tena. Kwa Umutoni ipo. Kesho saa tatu.

Akaketi. Akajipangusa uso kwa kiganja, mara moja, kama anafuta vumbi la mbao. Akasema sawa. Akasema na yeye atakuja.

Halafu akaniuliza: “Sasa juu ya nini haukusema vile siku ya kwanza?”

Swali gumu. Nitalifikiria wakati mwingine, leo nimechoka.

Alhamisi, 16 Oktoba

SITINI NA MMOJA KWA SITINI NA MMOJA!

Timu ilifika saa tatu kamili na sanduku la baridi. Wasichana kwenye foleni wakicheka kwa woga, wakisukumana, kila mmoja akitaka mwenzake atangulie. Mzee Ndayisaba alikuja na suti ya kanisani. Alisimama kando ya Umutoni akamshikia mkono wa sweta ili usiteremke. Sindano ilipoingia yeye ndiye aliyefumba macho. Umutoni alikuwa akimtazama babake.

“Ni ile tu?” mzee akauliza. Ni hiyo tu. Akavuta pumzi akatoka nje, akakaa kwenye ngazi za darasa la sita mpaka mapumziko. Nilimpelekea maji. Alininyooshea mkono, akaushika wangu. Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia. Sijui kwa nini nilinyamaza. Lilikuwa jambo zuri, hata hivyo.

Baadaye nikaenda kunywa chai na kujizoeza salamu za redio.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nimesalitiwa!

Ijumaa mchana Directrice aliniita. Wilaya ina wauguzi wawili waliokamilisha orodha, mimi na Maman Patricie, na haitaki kuchagua. Maman Patricie amependekeza azungumze mzazi. Maman Patricie! Mwenye nafasi ya redio mkononi, ameitoa! Na Directrice amemchagua Mzee Ndayisaba.

Nimesikiliza kwenye kibanda cha kinyozi, na kinyozi, na muuza parachichi, na watu wengine sita. Mzee hana sauti ya redio. Anameza maneno. Anakaa kimya mpaka mtangazaji anakohoa. Akalitaja jina la mkewe. Akautaja ugonjwa wenyewe, kwa jina lake. Akasema alikataa kwa sababu neno lile lilimuuma, si kwa sababu ya chanjo, na kama kuna baba mwingine linamuuma, aje karakana, kiti kipo. Akasema Umutoni hajambo, bega lilimuuma siku moja, jana ameruka kamba.

Kinyozi aliacha kunyoa. Muuza parachichi alijifuta macho. Mimi vumbi lilikuwa jingi humo ndani.

Mwisho akanishukuru. Akasema anamshukuru “ule infirmier binti yangu alikataa”. Jina hakulitaja. Wilaya nzima imesikia.

Jumatatu, 20 Oktoba

Asubuhi njema sana. Mama mmoja alishuka kutoka Gikundamvura, viatu vya plastiki vimejaa tope, akaja moja kwa moja infirmerie. Alimsikia Mzee Ndayisaba redioni. Ana binti wa miaka kumi na miwili aliyeacha shule tangu mwaka jana, hayumo kwenye orodha ya mtu yeyote. Alitaka kujua binti yake atachanjiwa wapi.

Wapi! Swali la thamani! Nikamwambia aketi, asiwe na wasiwasi, amefika mahali penyewe. Wasichana walio nje ya shule: hakuna muuguzi hata mmoja wilayani aliyelifikiria hilo. Nikatoa karatasi kubwa. Nikachora ramani. Tutahitaji ngoma, tarumbeta mbili, na pikipiki kumi zenye bendera zitakazopanda vilima vyote kwa siku moja. Nitahitaji kofia yenye nembo. Na wimbo! Nikautunga pale pale, beti tatu, nikamwimbia na kiitikio.

Nilipoinua kichwa kiti kilikuwa kitupu.

Nikatoka mbio. Umutoni alikuwa mlangoni, amekuja kuomba bandeji ya mwenzake. Nikamuuliza yule mama yuko wapi. Akasema amemwonyesha kituo cha afya, kile cha chini ya barabara, wanachanja kila Ijumaa, aende tu na mtoto.

Nikamshukuru, lakini nimesikitika. Mama wa watu, ameondoka na maelezo ya sentensi moja! Kesho asubuhi natafuta wapiga tarumbeta, kisha napanda Gikundamvura kumfuata.